Simu inaita kidogo tu, sanduku la sauti linadaka: tatizo liko wapi?

Mama anapiga kutoka Tanga. Dada yuko Leicester, Uingereza, kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Simu yake iko mfukoni mwa koti, na koti liko kwenye ndoano nyuma ya mlango. Inaita, inaita, dada anajipangusa mikono, anakimbilia koti, na kabla hajaigusa simu, sauti ya mwanamke wa mashine inamwambia mama kwa Kiingereza aache ujumbe baada ya mlio. Mama hana haja na Kiingereza hicho. Anachojua ni kwamba vocha imeanza kuliwa, kwa sababu mashine ikishadaka, mtandao unahesabu kwamba simu imepokelewa. Baada ya kuungua mara tatu alinipigia mimi: "Mwanangu, huyo mama wa Kizungu anayepokea simu ya dada yako ni nani?"

Huyo mama wa Kizungu anaweza kucheleweshwa. Kwenye mitandao ya GSM (yaani 2G) na 3G muda wa kuita kabla simu haijahamishiwa kwenye sanduku la sauti hupangwa kati ya sekunde 5 na 30, kwa kupanda tano tano. Sekunde 15 za kwanza zikigeuzwa 30, mtu anapata nafasi ya kutoka jikoni, kushuka ngazi, au kutoa simu chini ya mto. Lakini katika watu wanaoniuliza namna ya kuongeza sekunde, wengi hawana tatizo la sekunde. Simu zao zinatokea mlango mwingine kabisa, na wakiweka 30 au 300 hali itabaki ile ile. Ndiyo maana naanzia kwenye dalili, misimbo itafuata.

(Ninaposema sanduku la sauti nakusudia mashine ya mtandao inayopokea simu badala yako, si zile voisi tunazotumiana WhatsApp. Maneno "ujumbe wa sauti" siku hizi yanatumika kwa vyote viwili na watu wanapotezana.)

Saa ya kuhesabu haiko ndani ya simu yako

Hili lishike kwanza, litakuokoa safari ya kwenda kwa fundi. Anayehesabu sekunde ni mtandao. Kumbukumbu ya kwamba namba yako ikiachwa bila kupokelewa ielekezwe wapi, na baada ya muda gani, imehifadhiwa kwenye rejesta ya wateja ya kampuni ya simu, pembeni ya namba yako. Ukinunua simu mpya, ukiflashi ya zamani, ukafuta kila kitu, mpangilio ni ule ule. Kinyume chake, ukihamia mtandao mwingine na namba yako, kama inavyowezekana Kenya tangu 2011 na Tanzania tangu 2017, mpangilio wa zamani unabaki ulikotoka, nawe unaanza upya na kanuni za mwenyeji mpya. Mtu akiniambia "tangu nihame mtandao simu inadakwa haraka," sihitaji kusikia zaidi.

Sasa milango. Simu inayokujia inaweza kuelekezwa kwingine, au kama wasemavyo mtaani kudaivatiwa, kupitia milango minne, na kila mmoja una namba yake:

21 ni kila simu, bila sharti. Simu yako haiti hata kidogo.
67 ni pale laini yako inapotumika, au unapoikata simu kwa kitufe chekundu.
61 ni pale inapoita na hujapokea. Huu pekee ndio wenye sekunde.
62 ni pale usipopatikana: umezima, uko nje ya mtandao, betri imekufa.

Kuuliza mlango uko wazi au umefungwa, piga nyota, reli, namba ya mlango, reli. Kwa mfano *#61# kisha kitufe cha kupiga. Kwa kawaida haikati salio na haibadilishi chochote. Jibu litakuja kwenye kioo: imewashwa au haijawashwa, inaelekezwa namba gani, na mara nyingi baada ya sekunde ngapi. Fanya hivyo kwa milango yote minne, uandike majibu kwenye karatasi. Karatasi, nasema, si kwenye simu hiyo hiyo. Ile namba inayotokea mbele ya 61 ndiyo namba ya sanduku lako la sauti, na ukiifuta bila kuiandika utaitafuta kwa tochi.

Dalili: haiti kabisa, inaenda moja kwa moja kwenye sanduku la sauti

Sekunde hazihusiki hapa. Mpigaji akisikia mashine papo hapo, angalia kwanza jibu la *#21#. Likiwa limewashwa, kuna mtu aliwasha, labda wewe mwenyewe ulipokuwa unabonyeza mipangilio, labda mtoto, labda mtu mbaya (nitarudi kwake). Funga kwa ##21#.

Kama 21 imefungwa, inayofuata ni 62. Mtandao ulikutafuta haukukupata. Huenda simu ilikuwa na alama ya ndege, huenda uko kwenye chumba cha chini au nyumba ya kuta nene ambako mnara mmoja tu unafika kwa kuchechemea. Simu inaweza kuonyesha kijiti kimoja cha mtandao na bado isijibu pale mnara unapoiita. Kwa Wakenya hii ndiyo ile hali ya "mteja wa nambari uliyopiga," mpaka jina mteja likageuka kuwa neno la mtaani la mtu asiyepatikana. Mwenye sanduku la sauti kwenye mlango 62 hawi mteja, anageuka mashine.

Halafu kuna laini mbili, na hapa ndipo Waafrika Mashariki wengi tunapolia bila kujua. Simu nyingi za laini mbili zina redio moja inayogawana zamu. Zikiwa zimekaa kimya, laini zote mbili zinasikiliza. Ukianza kuongea kwenye laini ya kwanza, ya pili inakuwa kiziwi. Anayepiga huko ataambiwa hupatikani, au atapelekwa kwenye sanduku la sauti kupitia 62, ingawa simu iko sikioni mwako. Mteja wa duka anakasirika: "Nimekupigia umezima." Hukuzima, ulikuwa unaongea na shemeji kwenye laini nyingine. Dawa ambayo nimeiona ikifanya kazi ni kuelekeza mlango 62 wa laini ya pili uende kwenye laini ya kwanza, kisha kuwasha huduma ya simu kusubiri kwenye laini ya kwanza kwa *43#. Hapo anayepiga laini ya pili anakutokea kama mlio wa kusubiri. Kumbuka tu kwamba kipande cha safari kutoka laini ya pili kwenda ya kwanza kwa kawaida hulipiwa na mwenye laini iliyoelekeza, yaani wewe.

Sababu nyingine ndogo ndogo: hali ya Usinisumbue, orodha ya namba ulizozuia, na kwenye iPhone ile swichi ya kunyamazisha namba zisizojulikana, iliyokuja na iOS 13 mwaka 2019. Ukiiwasha, kila namba ambayo hujaihifadhi wala hujawahi kuwasiliana nayo inanyamazishwa na kupelekwa kwenye sanduku la sauti. Mtu anatafuta kazi, anaiwasha ili asisumbuliwe na matapeli, kisha anashangaa kwa nini hakuna mwajiri anayempata.

Dalili: inaita mara moja au mbili tu, halafu mashine

Uliza kwanza: kuna aliyekata? Ukibonyeza kitufe chekundu, mtandao unalichukua hilo kama "nina shughuli" na simu inapita mlango 67. Mpigaji anasikia mlio mmoja kisha sanduku la sauti. Saa za mkononi zilizounganishwa na simu nazo hukata kwa kuguswa na mkono wa shati. Kama unataka simu inyamaze tu bila kukatwa, bonyeza kitufe cha sauti pembeni. Mlio unazimika kwako, kwa mpigaji inaendelea kuita.

Programu za kuchuja matapeli zinafanya hivyo hivyo. Ziko zinazoruhusu simu iite kidogo, zikalinganisha namba na orodha yao, kisha zikaikata. Iondoe kwa siku moja uone.

Ikiwa hakuna aliyekata, hapo ndipo namkubali mgonjwa wetu: mlango 61 umepangwa sekunde 5 au 10. Tutamtibu hapo chini.

Dalili: mpigaji anasikia inaita muda mrefu, wewe umesikia kidogo tu

Wote wawili wanasema kweli. Simu iliyoko kwenye 4G ambayo haina huduma ya kupiga kupitia 4G lazima ishuke kwenye 3G au 2G ndipo iite, na kushuka huko kunakula sekunde kadhaa. Wakati huo mpigaji anaweza kusikia kimya, au wimbo wa mwito, kulingana na mtandao. Wenye nyimbo za mwito, kama zile za Skiza za Kenya, wanaongeza utata: mpigaji hasikii milio ya kuhesabu, anasikia kiitikio cha kaswida au cha bongo fleva.

Ndiyo maana usihesabu milio, hesabu sekunde. Milio yenyewe haifanani duniani. Mlio wa kawaida wa bara la Ulaya ni sekunde 1 ya sauti na 4 za kimya, kwa hiyo sekunde 15 ni milio mitatu. Marekani ni 2 za sauti na 4 za kimya, kwa hiyo sekunde 30 ni milio mitano. Uingereza milio huenda miwili miwili, jozi moja kila sekunde 3, na sekunde 15 zile zile zinakuwa jozi tano. Mama alikuwa ananiambia simu ya dada "inaita mara kumi" na mimi nilikuwa namwona anaongeza chumvi. Jozi tano ni milio kumi. Nilimwomba radhi.

Dalili: inaita, inafika pale pale kila mara, kisha inadakwa

Hii ndiyo yenyewe. Mwenye simu yuko mbali nayo, hakuna aliyekata, na ukipima kwa saa ya ukutani inadakwa kwenye sekunde ile ile kila siku. Piga *#61#, soma namba inayotajwa, iandike. Kisha piga:

**61*NAMBA*11*30#

Weka ile namba uliyoiandika mahali pa neno NAMBA, ikiwa na msimbo wa nchi kama ilivyotokea kwenye jibu, pamoja na alama ya kujumlisha kama ilikuwepo (shikilia sifuri mpaka itokee). 11 maana yake simu za sauti. 30 ni sekunde. Bonyeza kupiga, ngoja jibu kwamba usajili umefanikiwa, kisha uliza tena kwa *#61# uhakikishe imeandikwa 30.

Mitandao mingine inataka sehemu ya 11 iachwe tupu, nyota mbili zikifuatana: **61*NAMBA**30#. Telstra ya Australia kwa mfano, ambako namba ya sanduku la sauti ni 101, huandika **61*101**30#. Ukikataliwa kwa mtindo mmoja jaribu wa pili kabla hujakata tamaa.

Kosa ambalo nimeliona zaidi ya yote ni hili: **61*NAMBA*30#, nyota moja tu kabla ya sekunde. Macho yanaona sawa, mtandao unaona vingine. Nafasi ya kwanza baada ya namba ni ya aina ya huduma, ya pili ndiyo ya sekunde. Ukiandika 30 kwenye nafasi ya kwanza umeuambia mtandao "elekeza huduma namba 30," nao unakurudishia kosa. Hata kama mpangilio wa namba ungepita, muda wako haujaguswa.

Wengine wanataka 45 au 60. Haipo. 5, 10, 15, 20, 25, 30, basi. Kwenye mifumo mipya ya kupiga kupitia 4G viwango vya kimataifa vinaruhusu muda mrefu zaidi, hadi sekunde 180, lakini kama mtandao wako haujakufungulia hutaupata kwa kubonyeza nyota. Na usiende kuitafuta kwenye menyu ya kuelekeza simu: kwenye simu nyingi menyu hiyo ina mahali pa namba tu, sekunde hazimo, na iPhone kwenye mipangilio yake inaonyesha mlango 21 peke yake. Misimbo inafika pasipofika menyu.

Dalili: mtandao unakataa msimbo

Kwenye Android kwa kawaida utaona maneno ya tatizo la muunganisho au msimbo batili wa MMI (MMI ni jina la kitaalamu la misimbo hii ya nyota na reli). Maneno hayo yanaficha sababu nyingi tofauti, na mimi huzipitia hivi.

Simu ya laini mbili imetuma msimbo kwa laini isiyo sahihi. Chagua laini kabla ya kupiga. Inaonekana kama jambo la kitoto lakini huanzia hapa kila mara.

Msimbo umenakiliwa kutoka kwenye ujumbe wa WhatsApp na nyota zimemezwa. WhatsApp inachukulia nyota kama amri ya kukoleza herufi, kwa hiyo baadhi yake zinapotea njiani. Uandike kwa mkono.

Data imezimwa. Simu zinazopiga kupitia 4G mara nyingine hutuma mipangilio hii kwa njia ya data, hata kama wewe unaona unabonyeza nyota na reli tu. Washa data, jaribu tena. Ikishindikana, shusha simu iwe 3G au 2G kwa dakika mbili, piga msimbo, kisha irudishe. Hili limenifanyia kazi mara nyingi kiasi kwamba siku hizi sisahau kulijaribu.

Kifurushi chako hakiruhusu. Laini za malipo ya kabla kwenye baadhi ya mitandao haziruhusiwi kuelekeza simu, au zinaruhusiwa kwenda kwenye sanduku la sauti tu. Hapo hakuna ujanja, ni kuwapigia huduma kwa wateja. Waambie hivi: "Naomba muda wa kuita kabla ya kuelekezwa, isipopokelewa, uwe sekunde 30." Ukiwaambia "simu yangu inaita kidogo" watakuambia uizime na kuiwasha.

Au serikali imefunga. India mwaka 2024 idara ya mawasiliano iliziamuru kampuni za simu kusimamisha huduma ya kuelekeza simu kwa misimbo ya namna hii kuanzia Aprili 15, kwa sababu ya matapeli. Mwenye ndugu anayesoma au anayetibiwa huko na laini ya huko asishangae misimbo ikigoma.

Na hao matapeli ndio yule mtu mbaya niliyeahidi kumrudia. Sisi tumezoea wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii." Huyu ni wa daraja la juu. Anakupigia akijifanya mtu wa mtandao au wa kampuni ya mizigo, anakuomba upige nyota ishirini na moja, nyota, namba fulani, reli, "kuhakiki laini yako." Ukipiga, simu zako zote zinakwenda kwake. Kisha anaomba msimbo wa kuingia kwenye WhatsApp yako usomwe kwa simu, mashine inapiga namba yako, na yeye ndiye anayeisikia. Ukikuta namba usiyoijua kwenye jibu la *#21#, piga ##21# kwanza, maswali baadaye.

Kinyume cha hapo, kuna ujumbe wa kusambazwa unaorudi kila mwaka, unaodai kwamba ukipiga *#62# utajua nani anakusikiliza. Si kweli. Inakuonyesha mlango 62 unaelekea wapi, na namba utakayoiona karibu kila mara ni ya sanduku la sauti la mtandao wako mwenyewe. Nimeletewa simu na mzee wa watu amekosa usingizi siku mbili kwa sababu hiyo.

Dalili: jibu linasema 30, simu bado inadakwa kwenye 15

Kabla hujaulaumu mtandao, ulipimaje? Kama ulijipigia kutoka laini ya pili ya simu hiyo hiyo, kipimo chako ni batili. Laini moja ikiongea nyingine kiziwi, tulishasema. Tafuta simu ya mtu mwingine, weka yako mezani usiiguse, hesabu kwa saa tangu mlio wa kwanza.

Kama umepima vizuri na bado, kuna mambo mawili. Kwanza, ipo mitandao inayopokea msimbo kwa adabu, inajibu "imefanikiwa," kisha inafuata muda wake yenyewe. Pili, simu inayopiga kupitia 4G inaweza kuwa na mpangilio wake tofauti na ule wa 2G na 3G, ukabadilisha mmoja na mwingine ukabaki. Zima huduma ya kupiga kupitia 4G kwa muda, pima tena. Ikiwa sasa inaita sekunde 30 kamili, umempata mkosaji, na huduma kwa wateja wataweza kusawazisha upande wa pili.

Na kama hutaki sanduku la sauti kabisa?

Kwa mtu wa nyumbani, sioni faida yake kubwa. Hatuna mazoea ya kuacha ujumbe kwenye mashine. Tunabipu, tunaandika, tunatuma voisi. Piga ##61# na simu itaita mpaka mtandao wenyewe uchoke na kuikata. Mpigaji hatalipa kitu na wewe utaona simu iliyokukosa. Ukitaka kufunga 61, 62 na 67 kwa mpigo mmoja, ni ##004#. Kuna tofauti ndogo ya kuzingatia: reli moja, #61#, inazima lakini namba inabaki imehifadhiwa, na *61# inaiwasha tena, reli mbili, ##61#, inafuta hata namba. Ile karatasi bado unayo?

Msafiri anayekwenda Dubai, Muscat au kwingineko na laini ya nyumbani afunge milango hiyo mitatu kabla hajapanda ndege, akiwa bado kwenye mtandao wake. Ukiwa ugenini, simu iliyokufikia ikaita na hukuipokea huvuka mpaka kuja kwako, kisha ikavuka tena kurudi kwenye sanduku la sauti nyumbani. Unaweza kutozwa safari zote mbili kwa simu ambayo hukuipokea wala hukuisikia.

Dada hakutaka kufuta, mwajiri wake huacha jumbe za zamu kwenye sanduku hilo. Tukaweka 30, mara ya kwanza ikakataa, akawasha data, mara ya pili ikakubali. Jioni mama akapiga kutoka Tanga. Dada alikuwa ghorofani, akashuka ngazi zote akapokea kwenye jozi ya nane. Mama hakumsalimu kwanza. Alimuuliza, "Yule mama wa Kizungu ameacha kazi?"